Popo, Pangaboi na Jamvi la Karafuu

Tamthilia ya majini hujulikana mapema kama itasimama au itaanguka, na kipimo chake si jini mwenyewe. Kipimo ni vile vitu vinavyoonekana kabla yake: mlango, kioo, taa, ndege juu ya paa. Hoja yangu ni kwamba kitu kinachomtangulia jini lazima kiwe na shughuli yake ya kawaida ndani ya hadithi kabla hakijabebeshwa kazi ya kutabiri. Kisipokuwa na shughuli hiyo, mtazamaji hukisoma kama kibao cha barabarani: anaambiwa mbele kuna hatari, anajiandaa, na hatari ikifika inamkuta ameshajipanga. Filamu zetu nyingi za kutisha zimekwama hapo. Na ajabu ni kwamba Pemba, kisiwa ambacho filamu hizo hupenda kukitaja, kimewahi kutoa hadithi ya kutisha iliyopangika kwa ustadi mkubwa, na hadithi hiyo haikuandikwa na mtu wala haikuanzia kwenye kamera.

Tuanze na Bongo. Katika miaka ya 2000, kanda za video zilipokuwa zinashika soko la Dar es Salaam, Mussa Banzi alitoa Nsyuka, kisha Shumileta, hadithi ya jini wa kike aliyempenda binadamu. Mwaka 2009 Haji Dilunga akatoa Popobawa. Njia waliyoifuata ilishasafishwa na wenzao wa Nigeria, na msamiati wa picha wa filamu za aina hii anaujua kila aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video, awe Wete kule Pemba au Mbagala: lenzi za rangi machoni, kucha ndefu, shuka jeupe, moshi, mtu anayetoweka kwa mkato wa mhariri, na kinanda kinachonguruma sekunde mbili kabla ya tukio. Vitu hivi havina ubaya vyenyewe. Kasoro ni kwamba hakuna hata kimoja chenye kazi nyingine. Lenzi nyekundu haimsaidii mhusika kuona. Ipo kusema "huyu ni jini", basi. Kinanda hakipigwi na mtu yeyote ndani ya hadithi. Mtazamaji akishaona macho yamebadilika rangi hana tena cha kukisia, na onyesho lote linalofuata linabaki kuthibitisha alichokwisha kuambiwa. Dokezo linataka mtu alipite bila kulitilia shaka, na haya hayapitiki.

Mahali nako kumetumiwa vivyo hivyo. Mhusika akitamka tu kwamba mganga katoka Pemba, mwandishi wa script huona kazi yake imekwisha: hofu imeshaingizwa, hakuna haja ya kuijenga. Sifa hiyo ni ya zamani. Mwingereza Evelyn Waugh, katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1931, alieleza kwamba watu husafiri kutoka mbali barani, na hata Haiti, ati kuja kuchota elimu ya uchawi Pemba. Waugh alikuwa mpita njia, anasimulia alichosikia kwa wenyeji wake wa kikoloni. Waandishi wetu hawana udhuru huo. Mimi silalamiki hapa kwa niaba ya heshima ya kisiwa, ingawa lalamiko hilo lipo na lina haki yake. Nalalamika kwa upande wa ufundi. Kisiwa chenye skuli, bandari, mashamba ya mikarafuu na watu wanaogombania kiti cha mbele kwenye gari la Chake kinapopunguzwa kuwa neno moja la kutisha, mwongozaji anajinyima kila kitu ambacho kingeweza kumtisha mtu kweli. Hofu hukaa ndani ya mambo ya kila siku. Ukiyafuta, jini hana pa kujificha.

Kazi ambayo ningeiweka mezani kwa kulinganisha ni Twin Peaks, tamthilia ya Marekani iliyotungwa na Mark Frost na marehemu David Lynch, iliyoanza kurushwa na kituo cha ABC tarehe 8 Aprili 1990. Ni kazi ya mbali, ya mji wa wapasua mbao karibu na mpaka wa Kanada, lakini kiini chake Mpemba hahitaji kufafanuliwa: mtu amepandwa. Binti wa skuli, Laura Palmer, ameuawa. Muuaji ni baba yake mzazi, Leland, ambaye pepo aitwaye Bob amemfanya kiti chake. Watazamaji walikuja kuambiwa hivyo tarehe 10 Novemba 1990, miezi saba baadaye. Katika miezi hiyo yote nyumba ya akina Palmer ilikuwa ikiwaambia, nao hawakusikia. Katika sehemu ya kwanza kabisa mama, Sarah, anamwita binti asubuhi, hajibiwi, anapanda ngazi. Kamera inatazama kutoka chini kwenda juu, na pale juu ya ngazi pangaboi linazunguka. Picha inakaa hapo kidogo zaidi ya inavyohitajika, kisha hadithi inaendelea. Kwa wakati ule hilo ni pangaboi tu. Lina kazi yake nyumbani, kupunga hewa, na lina kazi yake katika picha, kuonyesha kwamba huko juu hakuna kingine kinachotikisika. Linarudi tena na tena. Mpaka katika filamu ya mwaka 1992, Fire Walk with Me, iliyorudi nyuma kueleza siku za mwisho za Laura, ndipo tunamwona baba akibonyeza swichi ya pangaboi lile usiku, kabla ya kwenda chumbani kwa binti yake. Kitu kilichokuwa hewa kwa miaka miwili kimegeuka ushahidi. Hakuna mhusika aliyeeleza lolote.

Mbinu hiyohiyo imetumika kwa baba mwenyewe. Siku chache baada ya mauaji Leland anacheza dansi sebuleni peke yake, amekumbatia picha ya binti yake. Kioo cha fremu kinapasuka, mkono unakatika, damu inapaka uso wa binti pichani. Baadaye nywele zake zinageuka nyeupe kwa usiku mmoja, baada ya kumuua hospitalini mtu aliyeshukiwa kwa mauaji hayo. Mtazamaji wa kabla ya Novemba 1990 aliona msiba. Mtazamaji huyohuyo akirudia baada ya Novemba anaona ungamo. Msiba ndio shughuli ya kawaida ya maonyesho hayo. Ulikuwa wa kweli, uliigizwa kwa ukweli na Ray Wise, na ndiyo maana uliweza kuficha. Hata ndani ya sehemu ile ya Novemba mtu anaweza kupima hoja yangu kwa kulinganisha vitu viwili vilivyowekwa sebule moja. Kimoja ni santuri iliyokwisha wimbo, sindano ikiendelea kukwaruza pale mwisho, na hakuna anayekwenda kuinyanyua. Cha pili ni farasi mweupe anayemtokea mama katikati ya chumba, amemulikwa taa. Wengi humsifu farasi. Kwangu mimi farasi ndiye dhaifu, kwa kuwa amekuja akiwa ishara na akaondoka akiwa ishara, hana alichokuwa akifanya pale. Santuri inatisha zaidi: kila mtu anajua kwamba katika nyumba yenye mtu mzima ndani, santuri haiachwi ikwaruze.

Hapa kuna pingamizi la haki, na linatoka kwa wanaoijua tamthilia hiyo vizuri. Watasema kwamba mengi ya hayo hayakupangwa. Frank Silva, aliyeigiza Bob, hakuwa mwigizaji. Alikuwa mpanga vyombo wa seti. Alikuwa akisogeza samani chumbani kwa Laura, Lynch akapata wazo la kumpiga picha akiwa amejibanza kwenye miguu ya kitanda, bila kujua ataitumia wapi. Baadaye, walipokuwa wakipiga onyesho la mama akishtuka na kupiga yowe, ikagundulika kwamba sura ya Silva imeonekana kwenye kioo nyuma yake. Mpigapicha aliona onyesho limeharibika. Mwongozaji akafurahi na kulihifadhi. Ikiwa pepo mwenyewe kaingia hadithini kwa bahati, uko wapi huo mpango ninaousifu? Jibu ni kwamba pingamizi hilo linanisaidia. Dokezo halizaliwi siku linapopandwa. Huzaliwa siku onyesho la baadaye linapolirudia na kulipa maana. Kioo kile kilikuwa ukutani kwa kazi ya kioo. Sura iliyomo ingeweza kubaki kosa la kiufundi kama makosa mengine elfu. Ilifanywa kuwa dokezo pale Novemba, Leland alipojitazama kiooni akirekebisha tai na uso uliomtazama ukawa wa Bob. Ustadi ulikuwa katika kukumbuka kioo. Na mwongozaji anaweza kukumbuka vitu ambavyo kamera yake ilivikuta mahali pake tu. Lenzi ya rangi iliyonunuliwa dukani kwa ajili ya onyesho moja haina ya kukumbukwa.

Twin Peaks ina bundi pia, na hapa msomaji wa pwani atasogea karibu. Bundi wa msitu ule hutajwa mara nyingi, wahusika huonywa juu yao, na kamera huwarudia mpaka mtu akachoka. Kwa Mmarekani bundi ni ndege wa usiku, kidogo mwenye hekima kwenye vitabu vya watoto, kwa hiyo kumgeuza mpelelezi wa pepo kulikuwa na upya fulani. Kwetu bundi akilia juu ya paa mwenye nyumba hujua analolifikiria jirani. Maana imekwisha kufungwa zamani. Mwongozaji wa hapa akimweka bundi, amepewa ishara ya bure, na ya bure hiyo ndiyo inayomponza: mtazamaji anamaliza sentensi kabla yake. Njia ya kumtumia bundi Pemba ni kumpa shughuli kwanza. Mtoto anamrushia mawe, mtu mzima anamkataza, wanabishana juu ya panya shambani. Aonekane mara mbili hakuna kilichotokea. Mara ya tatu asionekane.

Sasa Popobawa, jini aliyesemekana kuwashambulia watu usiku. Habari zake za mwaka 1995 zilianzia Pemba mapema mwaka ule, wakati wa Ramadhani, zikavuka kwenda Unguja na baadaye Dar es Salaam. Zipo habari za nyuma zaidi, za mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi; na 1995 ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi hayo, kwa hiyo wapo waliousoma mkasa wote kisiasa. Wataalamu wengine wameeleza uzito wa kifuani na kushindwa kujinyanyua usingizini, jambo ambalo Waswahili wamelijua siku zote kwa jina la jinamizi. Sitaingia katika ugomvi wa kama alikuwepo. Ninaloliuliza ni la mchambuzi: hadithi hii ilijengwaje hata ikawatoa watu vyumbani, wakalala nje mbele ya nyumba kwa makundi, moto umewashwa? Tazama ishara zake. Kivuli cha popo. Harufu kali. Uzito usingizini. Kila moja ilikuwa na kazi yake kabla ya Februari 1995. Pemba ina popo wake mkubwa, anayeitwa na wanasayansi Pteropus voeltzkowi, ambaye haishi kwingine kokote duniani. Magharibi akiruka kuelekea kwenye miembe na mishelisheli ni sehemu ya anga ya kisiwa. Watu walimjua kwa matunda anayoyala, na walimla yeye pia, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 akakaribia kutoweka kabla ya hifadhi kumrudisha. Hesabu ya mwaka 2007 ilipata zaidi ya 18,000. Harufu kali nayo ina vyanzo mia katika nyumba yoyote. Jinamizi humpata mtu popote. Hakuna hata ishara moja iliyokuja na lebo. Habari ilipofika kijijini ndipo vitu vyote hivyo, ambavyo watu waliishi navyo tangu utotoni, vikageuka nyuma kuwa madokezo.

Na kulikuwa na kipengele ambacho mwandishi yeyote wa tamthilia ya mfululizo angekionea wivu. Ilisemekana kwamba Popobawa humwamuru aliyemshambulia kuwaeleza wengine, la sivyo atarudi. Shambulio lenyewe lilikuwa la aibu, la aina ambayo watu wa hapa hawaisemi mbele ya mkwe wala mbele ya mtoto. Kwa hiyo mtu amewekwa kati ya mawili: aseme lisilosemeka, au anyamaze na asubiri usiku. Kila anayesimulia anafungua sehemu mpya, na msikilizaji anaondoka akiwa mhusika wa sehemu ijayo. Taharuki ya namna hii haikuhitaji kumwonyesha mtu mabawa. Tena filamu ilipokuja kumpa Popobawa mwili wa mwigizaji ilimpunguza, kwa kuwa ilibidi imchagulie umbo moja, ilhali nguvu yake yote ilikuwa katika kuazima umbo la vitu vilivyopo. Usomaji wa ishara una gharama zake vilevile. Mwaka huohuo wa 1995, mjini Unguja, umati ulimuua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kumdhania ndiye Popobawa. Tabia zake za kawaida zilikuwa zimegeuzwa madokezo. Anayetaka kuiweka hadithi hii kwenye skrini hawezi kulipita tukio hilo, na kwa maoni yangu ndilo kilele chake, si tukio lolote la usiku.

Watayarishaji watanijibu kwamba nazungumza habari za watu wenye pesa. Hoja ya pesa siikubali. Pangaboi ni rahisi kuliko lenzi, na picha ya kitu kilichopo haina gharama ya kompyuta. Jibu lao la pili ni zito zaidi: hadhira yetu inapenda kuambiwa waziwazi, imelelewa na filamu za Kihindi ambamo radi hupiga mkosaji akiingia, na kuinyima radi hiyo ni kujitia usomi. Ni kweli uwazi una utamaduni wake, na melodrama si dhambi. Lakini hadhira hiyo isidharauliwe. Zanzibar imekuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, karibu miaka 20 kabla ya Tanzania Bara kuwa na kituo hata kimoja. Imesoma pia Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na kuchapishwa 1960, ambamo mahali pa mizimu panamficha muuaji wa kibinadamu na mpelelezi, Bwana Msa, anafika kwenye ukweli kwa kuvitazama tena vitu ambavyo kila mtu alivipita. Watu waliompenda Bwana Msa wanaweza kulisubiri pangaboi. Wapo pia watakaosema kwamba majini yamo katika imani, si mchezo wa kuchezewa. Nakubaliana nao kwa njia yangu: kwa hadhira inayoamini, jini wa lenzi za plastiki ni mzaha kuliko jini asiyeonyeshwa.

Mbinu hii haihamishiki nzimanzima. Pangaboi la akina Palmer likiletwa Wete lazima ligeuzwe. Kule kuzunguka kwake ndiko kulikobeba dokezo. Hapa pangaboi kusimama hakumshangazi mtu, umeme umekatika, na hata baada ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika mwaka 2010 na kuachana na majenereta, hakuna Mpemba atakayetetemeka kwa hilo. Linaloweza kumnyanyua kwenye kiti ni pangaboi linaloendelea kuzunguka wakati mtaa mzima uko gizani. Lakini kitu bora zaidi cha kamera Wete kiko nje. Msimu wa karafuu majamvi hutandikwa kando ya barabara na kwenye nyua. Karafuu zimeshachambuliwa makonyo, zinaanikwa kwa siku kadhaa, zinageuka kutoka kijani na wekundu kuwa hudhurungi, na mtoto hutumwa kuzigeuza. Wingu likijikusanya, watu hukimbia. Jua likikaribia kuzama, zinazolewa na kuingizwa ndani, maana hizo ni ada ya skuli na bati la paa. Mpiga picha anaweza kulionyesha jamvi hilo mara nne katika sehemu ya kwanza bila mtu kujiuliza kwa nini: mama anachambua, watoto wanagombana, mpita njia anazunguka asilikanyage, mtoto anazigeuza karafuu. Katika sehemu ya pili adhana ya magharibi ipite, taa ziwashwe, na jamvi moja libaki nje, karafuu zimetandazwa vilevile, mlango wa nyumba uko wazi. Mtu wa Dodoma ataona jamvi. Mtu wa Wete ataona kwamba ndani ya nyumba ile kuna jambo, na atajua kabla ya polisi, kabla ya mganga na kabla ya mwigizaji kufungua mdomo.

Tofauti hiyo kati ya watazamaji wawili isimtishe mwongozaji. Mtu wa Dodoma ataelewa katika sehemu ya tatu, kama Wamarekani walivyoelewa mwezi Novemba, na atarudi kuitazama ya kwanza. Ombi langu kwa vituo na watayarishaji wa Zanzibar ni dogo na linawezekana kwa bajeti waliyonayo: kabla ya kumwajiri mtu wa vipodozi vya majini, mwandishi wa script apelekwe Wete msimu wa karafuu, aandike vitu vya nyumba moja na saa vinapotumika, na hadithi ijengwe kutoka kwenye orodha hiyo.